Simba Mwenda Pole
Jinsi simba, chui na duma wawindavyo, na jinsi wawindwao waokokavyo



Wazee wetu husema, "Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Methali hii twaitumia kuwafundisha vijana subira katika kazi, na ni vema. Lakini walioitunga walikuwa watu wa porini, nao walisema jambo waliloliona kwa macho yao. Simba angurumaye si simba awindaye. Angurumapo huwaita wenziwe, au huwaonya simba wageni wasiingie katika nchi yake. Awindapo hunyamaza.

Mimi nalizaliwa upande wa kusini wa Tanzania, mahali ambapo mashamba ya mahindi na mpunga yamepakana na pori. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, baba alianza kunichukua usiku kwenda kulinda shamba, tukae katika dungu na kuwafukuza nguruwe mwitu. Usiku mmoja nguruwe walikuwa wakivunja mahindi karibu nasi, tukiwasikia wazi, mara wakakoma. Nikafurahi, nikadhani wameshiba, nikataka kushuka niokote mahindi waliyoyaangusha. Baba akanishika mkono, akaninong'oneza, "Kaa, mwanangu. Nguruwe hawanyamazi bure." Tukakaa hata kukapambazuka, wala hatukusikia kitu. Asubuhi tuliona nyayo za simba zimepita chini ya dungu letu, kati ya nguzo na nguzo.

Toka siku ile nalitamani kujua mambo mawili: simba alipitaje chini yetu nasi tusimsikie, na nguruwe walijuaje? Nimewauliza wachungaji na wawindaji, nimesoma na maandiko ya wataalamu waliokaa porini miaka mingi wakiwatazama wanyama hawa. Leo nawaletea niliyoyapata. Yote yaingia katika neno moja: mwindaji mkubwa hutegemea kutoonekana, naye amwonaye kwanza ndiye aokokaye. Neno hili si la wanyama tu, kama mtakavyoona mwishoni.

SIMBA

Watu wengi hudhani ya kwamba simba hupata nyama kwa nguvu na kwa mbio. Nguvu anazo, hakuna ashindanaye naye katika hilo. Lakini mbio zake ni za kitambo kidogo tu. Pundamilia au nyumbu akianza kukimbia mapema, simba hamfikii, naye simba mwenyewe ajua hivyo. Kwa sababu hiyo kazi yake kubwa huifanya kabla ya mbio, si wakati wa mbio.

Mtazame simba jike anyatiapo. Huinamisha mwili mpaka tumbo lakaribia kugusa majani, akaweka kichwa chini, akakaza macho yake kwa mnyama mmoja. Mnyama yule akiinama kula, simba husogea. Akiinua kichwa, simba husimama papo hapo kama jiwe. Rangi ya ngozi yake ni rangi ya majani makavu, basi asipotikisika ni shida kumtambua hata mchana. Hujitahidi kufika karibu, mita 30 au pungufu, ndipo atokapo kwa ghafula. Humkamata mnyama kwa makucha, akamwangusha, kisha humbana koo au humfunika pua na kinywa kwa meno yake, asipate pumzi. Aghalabu mnyama mkubwa hufa kwa kukosa pumzi, wala si kwa wingi wa majeraha.

Hata hivyo simba hukosa mara nyingi kuliko apatavyo. Mtaalamu mmoja, jina lake George Schaller, alikaa Serengeti toka mwaka 1966 hata 1969 akiwafuata simba mchana na usiku. Aliona ya kwamba simba awindaye peke yake hakufanikiwa hata mara 20 katika 100. Wakiwa wawili au zaidi walifanikiwa karibu mara 30 katika 100. Na hao ndio twawaitao wafalme wa mwitu! Katika kila mara kumi wanaokwenda pamoja, mara saba hurudi na njaa.

Tena Schaller aliona jambo la kushangaza. Sisi twadhani kila mwindaji huangalia upepo, asije akanukiwa. Simba wale hawakuuangalia. Walinyatia upepo ukitoka upande wowote. Lakini upepo ulipowajia usoni walifanikiwa zaidi kuliko ulipowatoka nyuma. Basi mnyama mwenye pua njema hupata faida kwa kosa hili la simba.

Kundi la simba lina namna yake ya kugawana kazi. Katika mbuga ya Etosha, nchi ya Namibia, ambako nchi ni wazi na vichaka ni vichache, mtaalamu mmoja aliwatazama simba majike kwa miaka kadhaa, akaona ya kwamba wengine hupenda siku zote kwenda pembeni, na wengine kukaa katikati. Wale wa pembeni huzunguka mbali na kuwatokea wanyama kwa upande mwingine. Wale wa katikati hujilaza wakingoja. Wanyama wakishtuka kwa ajili ya wa pembeni, huwakimbilia wale waliolala. Kila mmoja akishika mahali pake alipozoea, windo huwa na matumaini zaidi. Sisi tuliocheza mpira tukiwa vijana twaelewa habari hii bila kuelezwa sana.

Je, simba huchagua mahali gani pa kuwinda? Mtu angejibu upesi, "Palipo na wanyama wengi." Sivyo. Uchunguzi uliofanywa Serengeti na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha ya kwamba simba hupendelea mahali ambapo ni rahisi kumkamata mnyama, hata kama wanyama ni wachache: penye maji, penye miti na vichaka, na kando ya makorongo ambapo ukingo humficha. Uwanda mweupe uliojaa nyumbu maelfu si chakula kwa simba, ikiwa hana mahali pa kujificha. Shikeni neno hili, kwa maana tutalirudia: simba hafuati wingi, hufuata maficho.

Na maficho makubwa kuliko yote ni giza. Macho ya simba yana utando ung'aao kwa nyuma, urudishao mwanga ndani ya jicho mara ya pili, ndiyo sababu macho yake huwaka yakimulikwa na taa. Kwa hiyo huona vema katika nuru ndogo ambayo kwetu sisi ni giza. Usiku wa mbalamwezi wanyama nao humwona, naye mara nyingi hulala na njaa. Usiku wa giza ndio sikukuu yake.

CHUI NA DUMA

Chui hana kundi. Huenda peke yake, aghalabu usiku, naye ni mwenye siri kuliko simba. Simba huanza mbio zake mbali kidogo; chui hupenda kufika karibu kabisa, mita chache tu, ndipo aruke. Akikosa ule mruko wa kwanza, mara nyingi huacha. Kwa kuwa simba na fisi humnyang'anya nyama, huipandisha juu ya mti, hata iwe na uzito kama wake mwenyewe. Hula wanyama wa namna nyingi sana, toka panya hata swala wakubwa, na kwa sababu hiyo aweza kuishi karibu na vijiji bila watu kujua. Mbwa ni kitoweo akipendacho. Kijiji kinachopoteza mbwa usiku baada ya usiku pasipo kelele, na waangalie nyayo.

Duma ni wa tabia nyingine. Watu humchanganya na chui kwa sababu ya madoa, lakini duma ni mwembamba, mwenye miguu mirefu, na usoni ana mistari miwili myeusi itokayo machoni kama machozi. Yeye huwinda zaidi mchana, na hivyo huepukana na simba na fisi watembeao usiku. Hana nguvu ya kupigana. Fisi mmoja tu aweza kumwondoa katika chakula chake.

Mbio za duma ni mashuhuri dunia nzima. Wataalamu waliwafunga duma watano wa Botswana mikanda yenye vyombo vya kupimia, wakapima mbio 367. Mwaka 2013 hesabu ikatangazwa. Mbio kuu kuliko zote zilikuwa za kilometa 93 kwa saa. Lakini sikilizeni yaliyobaki: mbio moja kwa kawaida ilikuwa ya mita 173 tu, na duma alifanikiwa mara 26 tu katika 100. Tena mara nyingi hakukimbia kwa mbio zake zote. Uwezo wake hasa ni kuongeza mwendo kwa ghafula, na kuupunguza kwa ghafula, apate kugeuka pamoja na swala anayegeuka mbele yake. Basi hata huyu mwenye mbio kuliko wote hana budi kunyatia kwanza.

Na duma huchagua nani? Mtaalamu mwingine aliwatazama duma wa Serengeti wakiwanyatia swala tomi, akaandika habari zake mwaka 1989. Swala wawili wakiwa karibu karibu wakila, mmoja akiinua kichwa mara kwa mara na mwingine akiinama tu, duma humwendea yule aliyeinama. Hakuangalia nani amenona. Aliangalia nani hakeshi.

WAWINDWAO WAJILINDAVYO

Sasa tugeuke tuwatazame wale walio upande wa pili, maana wao nao si wajinga.

Silaha yao ya kwanza ni macho mengi. Swala aliye peke yake hana budi kuinua kichwa kila mara, na hivyo hula kidogo. Akiwa katika kundi, wakati yeye ameinama mwenzake ameinuka. Kila mmoja hukesha kidogo, na kundi zima lakesha daima. Kwa sababu hiyo twawaona pundamilia, nyumbu na swala wakilisha pamoja ingawa si wa kabila moja. Mmoja akishtuka, wote wametahadharishwa.

Silaha ya pili ni kumwonyesha adui ya kuwa ameonekana. Jambo hili wageni wa porini hulistaajabia. Wakimwona simba akitembea mbali uwandani, wanyama hawakimbii. Husimama, humwelekezea nyuso zao, hukoroma kwa pua, na kumtazama mpaka apite. Swala tomi hata humfuata duma kwa mbali, wakimtazama aendako. Mtu adhani ni upumbavu, kumbe ni akili. Simba aonekanaye si hatari kubwa. Wa hatari ni yule asiyejulikana yuko wapi. Kumfuata kwa macho ni bora kuliko kumpoteza katika majani.

Swala tomi ana desturi nyingine: hurukaruka juu kwa miguu minne pamoja, imenyooka kama fimbo. Kwa nini apoteze nguvu hivyo mbele ya adui? Wataalamu walioichunguza Serengeti katika miaka ya 1980 waliona ya kwamba duma huacha kuwinda mara nyingi zaidi swala akimrukia namna hii. Ni kama kumwambia, "Nimekwisha kukuona, usijisumbue." Nao mbwa mwitu, ambao humchosha mnyama kwa mbio ndefu, huwaacha swala warukao sana na kuwafuata warukao kidogo, kwao kuruka ni dalili ya afya.

Silaha ya tatu ni sauti, na hapo mwalimu wetu ni tumbili. Huko Amboseli, nchi ya Kenya, wataalamu watatu waliwachunguza tumbili na kutangaza habari zao mwaka 1980. Tumbili hana kilio kimoja cha hatari, bali ana vilio mbalimbali. Akimwona chui hulia namna moja, na wenzake hupanda mitini. Akimwona tai hulia namna nyingine, nao hutazama juu au hukimbilia vichakani. Akiona nyoka hulia namna ya tatu, nao husimama kwa miguu miwili na kutazama majanini. Ili kuhakikisha, wataalamu walizinasa sauti hizo, wakazipiga kwa vipaza sauti vilivyofichwa, pasipo chui wala tai wala nyoka. Tumbili wakafanya vile vile kama sauti ilivyowaagiza.

Walimu, hapa pana neno letu. Watoto wa tumbili huzaliwa na mwelekeo wa kulia, lakini hukosea. Mtoto hulia kilio cha tai kwa ajili ya ndege asiye na madhara, hata kwa ajili ya jani linaloanguka. Wakubwa hutazama juu. Wakiona si kitu, huendelea kula. Lakini mtoto akilia kwa ajili ya tai wa kweli, wakubwa nao hulia. Hivyo, kidogo kidogo, mtoto hutambua hatari ya kweli na ya bure. Ikiwa tumbili hawawaachi watoto wao wajifunzie kinywani mwa chui, je, sisi?

Sauti hizi zina faida nyingine. Katika msitu wa Taï, nchi ya Ivory Coast, chui waliofungwa mikanda ya redio walifuatwa, ikaonekana ya kwamba nyani wadogo wa msituni wakikwisha kumpigia kelele, chui huacha maficho yake na kwenda zake mbali. Hakupigwa, hakufukuzwa, ameonekana tu, na kwake hilo latosha.

Silaha ya nne ni kukimbia kwa hekima. Mwaka 2018 walitangaza vipimo vingine vya Botswana, vya simba na pundamilia, duma na swala pala. Waliona misuli ya wawindaji ina nguvu kuliko ya wawindwao kwa sehemu 20 katika 100, na ya kwamba simba na duma huongeza mwendo upesi zaidi na kuupunguza upesi zaidi. Basi awindwaye akikimbia moja kwa moja kwa nguvu zake zote, mwindaji aliye karibu ajua atakuwa wapi, naye humpata. Aokokaye ni yule abakizaye nguvu kidogo ili ageuke ghafula dakika ya mwisho. Adui hujua alipo, lakini hajui aendako.

Nao watoto? Nyumbu wa Serengeti huzaa karibu wote kwa wakati mmoja, kwa majuma mawili au matatu, kama mwezi wa Februari, katika uwanda wa majani mafupi ambapo simba hana maficho. Ndama husimama kwa dakika chache na kumfuata mama yake. Simba na fisi hula, hushiba, na bado ndama hubaki kwa maelfu. Swala tomi hufanya kinyume: mtoto hulala kimya majanini, na mama hulisha mbali naye, asije akamwonyesha adui mahali alipo.

Mwisho wako wanaopigana. Pundamilia hupiga teke liwezalo kuvunja taya la simba. Nyani madume humkabili chui kwa pamoja. Nyati, mmoja wao akiangushwa na kulia, mara nyingi hurudi kundi zima na kuwatawanya simba kwa pembe zao. Lakini angalieni: nyati dume mzee aliyejitenga na kundi ndiye apatikanaye zaidi.

NA SISI JE?

Wapenzi wasomaji, labda mmoja asema, "Habari hizi ni tamu, lakini ni za mbugani." Natamani ingekuwa hivyo. Toka mwaka 1990 hata 2004, katika Tanzania peke yake, simba waliua watu wasiopungua 563 na kuwajeruhi 308. Wengi walikuwa watu wa kusini na mashariki, wa upande wa Lindi na Rufiji, si watalii wala wawindaji, bali wakulima na watoto wao. Wengine walikuwa shambani, wengine njiani, wengine wametoka nje usiku kwa haja, wengine wamelala katika dungu.

Wataalamu walipotafuta sababu, walikuta jambo ambalo baba yangu alilijua kwa masikio. Mahali ambapo wanyama wengine wamekwisha, nguruwe mwitu hubaki, naye huja mashambani kula. Simba humfuata nguruwe. Mkulima naye huja shambani kwa ajili ya nguruwe yule yule, akalala katika kibanda dhaifu. Basi simba na mtu wakutana gizani, penye maficho, kila mmoja akimtafuta nguruwe. Ndiyo maana mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, Machi hata Mei.

Jambo la pili ni mwezi. Mwaka 2011 yalitangazwa mahesabu ya mamia ya mashambulio ya simba katika Tanzania. Yalionyesha ya kwamba mashambulio yalizidi mara mbili au zaidi katika siku kumi baada ya mwezi mpevu, kuliko siku kumi kabla yake. Tena mengi yalitokea toka magharibi hata saa nne za usiku. Sababu yake ni rahisi. Kabla ya mwezi kuwa mpevu, jua likizama mwezi uko juu tayari, watu hutembea katika nuru. Ukiisha kuwa mpevu, kila siku huchelewa kutoka karibu saa moja, na pale mwanzo wa usiku huwa giza tupu, wakati watu bado wako njiani. Na simba ametoka katika siku za mbalamwezi alizolala njaa. Giza limekuja, njaa ipo, na mtu yuko njiani.

Basi haya ndiyo ninayowasihi, ninyi mnaokaa karibu na pori.

Baba wa nyumba, hesabu siku za mwezi. Katika siku kumi baada ya mwezi mpevu usimtume mtoto dukani wala kisimani baada ya jua kuzama. Mkitoka katika sala za jioni au mkutano, nendeni kundi moja mwenye taa, watoto katikati, tena mkisema kwa sauti. Choo kiwe karibu na nyumba, na njia yake ifyekwe. Majani marefu na vichaka karibu na mlango ni maficho, vikatwe.

Mlinda shamba asilinde peke yake, wala asilale chini. Dungu na liwe juu na imara, lenye kuta na mlango. Vema zaidi ni kumzuia nguruwe mwenyewe: mtaro mrefu kuzunguka shamba ni kazi ya siku nyingi, lakini watu wakishirikiana hukamilika, nao humwondolea simba sababu ya kuja.

Ukikutana na simba mchana, usikimbie, na usimpe mgongo. Simama wima, mwelekee, ongea kwa sauti kubwa, na urudi nyuma pole pole. Kwa kukimbia utamwita akufuate, na kwa mbio humshindi. Mtoto afundishwe hivi kabla ya hatari, maana siku ya hatari si siku ya kufundishwa.

Wafugaji nao, zizi na liwe refu na bila mwanya. Katika nchi ya Wamaasai wako waliopanda miti mibichi kuzunguka zizi, ikachipua, wakaishikamanisha kwa waya. Ukuta wa namna hii huendelea kukua wala hauliwi na mchwa. Karibu na mbuga ya Nairobi, kijana mmoja mdogo mchungaji alitambua ya kwamba simba huogopa taa inayotembea, akatengeneza taa ziwakazo na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, kana kwamba mtu anazunguka na kurunzi.

Lakini lililonifurahisha kuliko yote ni la Botswana, karibu na Okavango. Wataalamu na wafugaji waliwachora ng'ombe macho makubwa juu ya matako. Kwa muda wa miaka minne, katika ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuuawa hata mmoja na simba wala chui. Katika 543 waliochorwa mistari miwili iliyokatana, waliuawa 4. Katika 835 wasiochorwa kitu, waliuawa 15. Habari hii ilitangazwa mwaka 2020. Simba huja nyuma ya ng'ombe, akakuta macho yakimtazama, akadhani ameonekana, akaacha. Sisemi ni kinga ya milele, maana simba aweza kuzoea. Tena fisi, ambaye hategemei kuvizia, huenda asijali. Lakini tazameni jinsi neno lile lile linavyorudi: aonwaye hushindwa.

Baba yangu hakusoma kitabu hata kimoja cha habari hizi. Hata hivyo usiku ule alijua ya kwamba ukimya una maana, akanishika mkono. Mimi leo nina watoto, na wanafunzi wengi kuliko watoto. Siwezi kumshika kila mmoja mkono usiku. Naweza tu kuwaambia mapema, nanyi mkawaambie wenu.

Walimu, mkiisha kuwasomea watoto habari hii, waulizeni maswali haya matatu, nao wajibu kwa maneno yao wenyewe:

1. Kwa nini swala amwonapo simba mbali husimama na kumtazama, asikimbie?
2. Mwezi ukiwa mpevu leo, siku zipi zijazo ni za hatari kwa mtu atembeaye baada ya magharibi, na kwa nini?
3. Katika njia ya kutoka nyumbani kwako mpaka shuleni, simba au chui angejificha wapi?

Swali la tatu ndilo kubwa. Mtoto ajuaye kulijibu amekwisha kuinua kichwa.